Natafuta Shule, Sitafuti Padre

Ukitaka kumjua mzazi mwenye mtoto wa darasa la saba, usimuulize. Mwangalie Jumapili amekaa benchi la ngapi. Kwaresima ikianza tu, parokiani kwetu huku pembezoni mwa Dar es Salaam, mabenchi ya mbele hujaa watu ambao mwaka uliopita walikuwa wakisali nje, chini ya mwembe, jicho moja kwa padre na jingine kwenye pikipiki. Sasa wanaimba hadi ubeti wa nne. Wakati wa zaka wanapita na bahasha wameiinua kidogo, ili namba ya kadi isomeke mpaka kwa wanakwaya. Usidhani Roho Mtakatifu amewashukia kwa mafungu. Wanatafuta barua ya paroko.

Mwaka juzi nami nilikuwa benchi la pili, upande wa spika.

Na sikupenda. Msimamo wangu ulikuwa mwepesi na nafuu kwa mfuko. Tangu Januari 2016 serikali haidai ada kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikaongeza cha tano na cha sita. Shule ya kata ipo, naiona nikisimama kibarazani. Mtoto aamke, anywe chai, atembee kwa miguu, jioni arudi nimwone. Nikayasema hayo mezani. Mama watoto akaacha kutafuna.

"Baba watoto, unataka mwanao akalelewe na kijiwe cha bodaboda?"

Nikauliza, kwani sisi wazazi kazi yetu ni ipi? Swali hilo nakushauri usiliulize nyumbani kwako. Nilijibiwa kwamba natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni na narudi saa tatu usiku nikiwa nimetoka kwenye foleni, kwamba mwanangu mimi namwona akiwa amelala, na kwamba bodaboda wa pale kona ndiye anayemwona akiwa macho. Sikuwa na la kujibu. Hata ningekuwa nalo, ilikuwa saa nne usiku na nilikuwa nasinzia.

Basi, ikaamuliwa shule ya Kanisa, ya bweni. Unauliza iliamuliwa na nani? Na mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Kilema, Kilimanjaro, na alisoma Marian College ya Morogoro kwa masista wa Maryknoll, Wamarekani, enzi hizo. Miongo imepita na bado kila asubuhi anatandika kitanda kana kwamba kuna sista anakuja kukagua. Anakula ugali kwa mkono, lakini mkono wenyewe una nidhamu. Akija Dar nyumba nzima huanza kuongea taratibu, hata mbwa. Kwake hakuna shule nzuri na shule mbaya. Kuna shule yenye masista na shule isiyo na masista, na hii ya pili huitamka huku akitazama pembeni.

Nikajitutumua. "Mama, hata mimi nimesoma shule ya Kanisa. Nimesoma Pugu."

"Pugu ya mwaka gani, baba?"

"Sabini na... tisini na nne, Mama."

Akamtazama binti yake kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mtu aliyeolewa bila kuuliza-uliza kwanza.

Hapo nikawa nimeingia pabaya, kwa sababu historia hiyo anaijua kuliko mimi niliyelala mabwenini mwa Pugu. Pugu ilikuwa St. Francis' College ya wamisionari. Mwalimu Nyerere alifundisha hapo aliporudi kutoka Edinburgh, hadi mwaka 1955 alipotakiwa achague chaki au siasa, akaacha chaki. Kabla ya kwenda Edinburgh alikuwa akifundisha St. Mary's ya Tabora, nayo ya mapadre. Na ni yeye huyohuyo, Mkatoliki wa kwenda misa hata siku za kazi, ambaye serikali yake ilipitisha Sheria ya Elimu ya 1969, shule za mashirika ya dini zikachukuliwa zikawa za umma. Pugu ikaenda. Marian College ikaenda, ikawa Kilakala. Sababu zilieleweka: shule nyingi nzuri zilikuwa mikononi mwa makanisa, na mtoto wa Kiislamu alikuwa anausogelea ubao akipitia mlango wa katekisimu. Mama mkwe sababu hiyo anaikubali kabisa. Anachokataa ni mimi kujidai.

"Ulichosoma wewe, baba, ni majengo," akaniambia.

Nikanyamaza. Yalikuwa majengo imara.

Zamani angalau kazi hii ya kuchagua ilikuwa na mwongozo. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, Baraza la Mitihani lilitangaza shule kumi bora, na sisi tunasikiliza redio, kalamu mkononi. Unasikia St. Francis Girls ya Mbeya, unasikia Kemebos ya Bukoba, unasikia Feza, unasikia Marian za Bagamoyo. Hata kama huna ada, una orodha ya kutamani. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba watoto hawasomi katika mazingira sawa na kwamba ni kuzifanyia shule matangazo. Ni sababu nzuri sana. Ila matokeo yenyewe yamo mtandaoni vilevile, shule kwa shule, na sasa kila mzazi amejifanya Baraza. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi wa darasa la saba kuna baba mmoja mhasibu alitengeneza jedwali lake, lenye rangi, akiwa kazini. Shule zilipangwa kwa idadi ya divisheni wani, kwa ada, kwa umbali kutoka Ubungo, na safu ya mwisho iliandikwa "Maadili". Safu hiyo ilikuwa tupu toka juu hadi chini. Hakuna aliyeulizia.

Nasema hivi kwa sababu tukikutana nje ya kanisa sote tunatafuta maadili. "Siku hizi watoto wameharibika, bora kwa mapadre." "Kabisa, mimi hata matokeo siangalii, naangalia malezi." Mwongo huyo. Ukifika nyumbani unamkuta kwenye kundi anauliza shule fulani Hisabati A zilikuwa ngapi. Sijawahi kuona mzazi anauliza wanafunzi wanaungama mara ngapi kwa mwezi.

Na mtu wa nje akisikia shule za Kikatoliki anadhani ni kitu kimoja. Ziko za masista, na zile zinazosifika zaidi ni za wasichana, wakati niliyekuwa namtafutia shule ni mvulana. Dada zake wangeingia huko bila shida, ila hao walishapita. Ziko za mashirika: Wajesuiti wana Loyola yao hapa Mabibo, ya kutwa, lakini kutoka kwetu hadi Mabibo mtoto ataamka saa tisa usiku, na atakayemwamsha ni mimi. Majimbo nayo yana za kwao, kila askofu na mipango yake. Na ziko zile ambazo ukisoma jedwali la ada ndipo unapoelewa kwa nini Bwana Yesu alitaja ngamia na tundu la sindano.

Kisha kuna seminari.

Seminari, mwaka ule wa 1969, hazikuguswa. Zilihesabiwa kuwa nyumba za kulea mapadre, si shule za watu wote, kwa hiyo wakati Pugu na wenzake wanabadilishiwa vibao, Rubya, Nyegezi, Itaga, Kaengesa na nyinginezo zikaendelea na kengele zao, na maktaba zao, na Kilatini chao kidogo. Watanzania si wajinga. Waliona. Walutheri wakawa na seminari zao, ile ya Morogoro inachukua wavulana na wasichana pamoja. Waislamu nao wana zao. Lakini seminari ndogo ya Kikatoliki ni ya wavulana peke yao, na inadai kitu ambacho hata Kariakoo hakiuzwi. Inadai wito.

Ni mhasibu aliyetuponza. Usiku wa manane akaandika kundini: "Ndugu wazazi, mmeziona ada za seminari?" Kimya. Kila simu ilikuwa inapiga hesabu. Ada ya seminari ni nafuu ukiilinganisha na ya shule nyingine za Kanisa zenye matokeo kama yake, kwa sababu jimbo linabeba sehemu ya mzigo, waamini wanachangia, na shamba na mifugo vinajazia. Jimbo halifanyi hivyo kwa mapenzi ya wahasibu. Linategemea kwamba katika watoto hao watapatikana mapadre. Wachache hufika, na askofu analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anachoomba ni kwamba angalau waanze wakiwa na nia.

Nia yangu ilikuwa hivi. Seminari imchukue kijana, imfundishe Kiingereza, Hisabati, kulima, kufua, kuamka na kunyamaza, halafu baada ya miaka sita inirudishie, hajaguswa na wito hata kidogo, aoe. Ndiye mwanamume pekee niliyejaliwa. Jina la marehemu baba yangu liko mikononi mwake, na mikono yenyewe muda mwingi imeshika rimoti.

Mama mkwe aliposikia neno seminari alilia. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kochi akawa anajifuta kwa pembe ya khanga. Kwao kuna masista wawili, bruda mmoja, na katekista wa kujitolea. Padre hakuna. Dar unaweza kuishi vizuri tu bila padre katika ukoo, lakini Kilema ukoo usio na padre unajijua. Alipomaliza kujifuta akaanza kunipangia safari: seminari ndogo, kisha falsafa Kibosho, karibu na nyumbani, ingawa wakimpeleka Ntungamo kule Bukoba hatutakataa, kisha teolojia Kipalapala au Peramiho, "au hapo Segerea, baba, uwe unamtembelea". Akaongeza kwamba nchi hii imepata makardinali watatu tu, Laurean Rugambwa mwaka 1960, Pengo mwaka 1998, na Rugambwa mwingine, Protase, mwaka 2023. Wa Kilema hakuna hata mmoja.

Nikaona nimrudishe duniani. Nikamwambia seminari haitoi mapadre tu. Mkapa alipita seminari ya Kigonsera, akaja Pugu, hiyohiyo ya majengo, akawa Rais. Magufuli alianzia Katoke kule Biharamulo, naye akawa Rais. "Kwa hiyo, Mama, kuna njia nyingi."

"Rais ni miaka kumi, baba," akasema. "Padre ni padre milele."

Jirani yangu Alhaji alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. Binti yake alisoma kwa masista kuanzia kidato cha kwanza hadi cha sita, akatoka na PCB yake, sasa anasomea udaktari. Swala zake anaswali, na akija likizo anapiga deki hadi kibaraza changu. "Mwenzangu," Alhaji akaniambia, "mimi nilinunua fomu, mtoto akafanya mtihani, akafaulu, nikalipa. Hakuna aliyeniuliza mara ya mwisho nilisali lini. Wewe Mkatoliki wa kuzaliwa ndiyo unaombwa kadi?"

Ndiyo, naombwa kadi. Maana seminari inataka barua ya paroko, na barua hiyo haianzii kwa paroko. Inaanzia jumuiya. Mwenyekiti wa jumuiya anaandika kwamba anakufahamu, mwenyekiti wa kanda anaandika kwamba anamfahamu huyo anayekufahamu, ndipo unakwenda ofisi ya parokia na vyeti: ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, na ndoa ya wazazi. Ndoa ya Kanisa, siyo ya bomani. Mwezi Juni tulishuhudia ndoa kadhaa za harakaharaka pale parokiani, bibi harusi kavaa gauni la kuazima na mwanawe wa darasa la saba kashika pete. Walipendeza. Na padre alihubiri vizuri juu ya neema inayomfikia mtu kwa njia asizozitarajia.

Jumuiya yetu hukutana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mtu aliyetoka nyumbani saa kumi na moja siku tano mfululizo anastahili kuachwa. Mwenyekiti ni mama mstaafu wa benki. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na uzio wa michongoma.

"Karibu, baba. Umehamia lini?"

Nikacheka, nikidhani utani. Hakucheka.

"Jumuiya yako inaitwaje?" akauliza, miwani ikiwa imeshuka puani.

"Mtakatifu..." nikakohoa. "Mtakatifu..."

"Yuda Tadei," akanisaidia. "Msimamizi wa mambo yaliyoshindikana."

Akafungua daftari. Ndugu zangu, benki walipompoteza mama yule walipoteza kifaa. Jina langu lilikuwemo, limeandikwa kwa wino wa bluu, na mbele yake viboksi vyeupe, vyeupe, vyeupe, kurasa kwa kurasa. Zaka. Tegemeza jimbo. Ujenzi wa nyumba ya mapadre. Rambirambi za watu ambao sikujua kwamba wamefariki. Mmoja wao nilikuwa bado namlaumu kwa kutonisalimia. Akajumlisha bila kikokotoo, akanizungushia duara kwenye jumla. Nikalipa kwa M-Pesa palepale, mbele ya sanamu ya Mama Maria na wanajumuiya waliokuwa wanajifanya wanatafuta ukurasa wa wimbo.

Halafu ikabidi nihudhurie. Maana barua, akasema, inaandikwa kwa mtu anayefahamika, na kufahamika hakuji kwa M-Pesa. Nikahudhuria. Nikasoma somo. Nikaongoza Rozari, nikapotea kwenye fungu la tatu, nikarudishwa njiani na mtoto wa Utoto Mtakatifu. Walipofika kwenye uchaguzi wa viongozi, mzee mmoja akasimama akanipendekeza niwe mtunza hazina, kwa hoja kwamba siku ile nililipa vizuri. Sikuweza kukataa. Barua ilikuwa bado haijasainiwa.

Paroko mwenyewe alisaini bila kuinua kichwa. Alikuwa na rundo.

Ikabaki kazi ya kumwandaa mhusika. Kijana wangu darasani hana tatizo. Hesabu anafanya, Kiingereza anaongea puani kama shule ya msingi ilivyomfundisha, na sala zote anazijua, Imani, Matumaini, Mapendo, Majuto, kwa kuwa bibi yake hampi chai bila hizo. Shida yake ni moja: ni mkweli kwa kiwango cha kukera. Wageni wakija nyumbani tunampeleka kwa Alhaji. Kwa hiyo jioni, mimi na mama yake tukawa tunamkalisha sebuleni tunajifanya mapadre.

"Kwa nini unataka kujiunga na seminari?"

"Kwa sababu nasikia sauti ya Mungu inaniita nimtumikie."

"Vizuri. Unaisikia wapi?"

"Hapa sebuleni."

Tukarudia mpaka akaacha kutaja sebule.

Siku ya usaili tulikutana kwenye parokia nyingine, wazazi chini ya miti, watoto kwenye foleni, kila mmoja kavaa shati jeupe lenye mikunjo ya dukani. Baba mmoja alikuwa anamnong'oneza mwanawe, na kwa jinsi midomo ilivyokwenda nikajua ni jibu lilelile. Mhasibu alikuwepo. Tukapeana mikono kwa heshima kama watu waliokutana kwa mganga. Mtihani wa maandishi uliisha mapema, kisha wakaanza kuingia mmojammoja kwa mkurugenzi wa miito, padre mrefu mwenye sauti ya chini. Wengine walikaa ndani dakika mbili. Wangu alikaa sana. Alipotoka alikuwa anatabasamu, na hapo ndipo jasho liliponitoka. Nikaitwa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Kaa, mzee." Akaweka kalamu chini. "Nimemuuliza mwanao kwa nini anataka seminari. Amesema baba yake amesema ada ni nafuu."

Nikatazama msalaba ukutani. Haukunisaidia.

"Nikamuuliza, na wewe mwenyewe je? Akasema amesikia kuna uwanja wa mpira wenye majani. Nikamuuliza, na ukiona Mungu anakuita uwe padre? Akafikiri, akasema ataangalia kwanza."

"Padre, kule nyumbani tulimfundisha..."

"Najua mlimfundisha. Watoto wote niliowauliza tangu asubuhi wamesikia sauti ya Mungu, na wote imewaita kwa maneno yaleyale, hata pa kuvuta pumzi ni palepale. Huyu wako ni wa kwanza ambaye hajasikia kitu." Akaandika jambo kwenye karatasi yake, akalipigia mstari. "Nenda salama."

Akachukuliwa. Kijana wa mhasibu hakuchukuliwa, na mhasibu ametoka kundini bila kuaga, na jedwali lake.

Ningefurahi, ila pamoja na barua ilikuja fomu ya maelekezo. Sijui nani huzitunga hizi fomu, lakini ni mtu aliyewahi kuishi kisiwani peke yake. Godoro, shuka nyeupe, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, sahani, rimu za karatasi, mifagio ya chelewa, Biblia, Misale ya Waumini, rozari, viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, sanduku la bati lenye kufuli, fyekeo, na jembe lenye mpini. Jembe! Mimi nilisoma kwa bidii kijijini kwetu kusudi nisilione tena jembe. Sasa nalinunua kwa hiari yangu, namlipia nauli kwenye basi, na kondakta ananiambia mpini huo ni abiria. Chini kabisa kuna hela ya tahadhari, ambayo haielezwi ni tahadhari dhidi ya nini, na mstari wa wastani ambao mtoto asipoufikisha anarudi nyumbani. Wizara imekemea sana michujo ya namna hiyo katika shule zisizo za serikali. Fomu haikuwa imepata habari.

Likizo ya kwanza akarudi. Nilikwenda kumpokea stendi, akabeba sanduku mwenyewe na kunisalimia kwa kuinama. Saa kumi na moja na nusu asubuhi nikasikia maji yanamwagika, nikadhani bomba limepasuka. Alikuwa anaoga. Akatandika kitanda, akafagia uwanja, akaoga tena. Usiku baada ya saa tatu haongei; anasema ni muda wa kimya, na akinikuta naangalia mpira anasimama mlangoni na kunitazama kwa upole mpaka napunguza sauti. Soda anaiombea. Mama yake anatembea mtaa mzima akitoa salamu. Mimi nimemuuliza kwa siri, tukiwa wawili, vipi lile suala? Akasema bado anaangalia.

Bado anaangalia, lakini mtaa umeshaona. Dominika ya Mchungaji Mwema, ile ya kuombea miito, wazazi wa waseminari huitwa mbele wasimame watazamwe. Tulisimama. Mama mwenyekiti alipiga vigelegele hadi miwani ikadondoka. Tangu siku hiyo, kwa muuza genge, kwa fundi cherehani, kwa yule bodaboda wa kona ambaye tulimkimbia, jina langu ni Baba Padre. Baba Padre hawezi kunywa bia mbili hadharani. Baba Padre hawezi kukosa jumuiya, na hawezi kujiuzulu utunza hazina, nimejaribu. Michango ya miito ikitangazwa, macho yote hunigeukia kwanza, na daftari lile la wino wa bluu hufunguliwa kwenye ukurasa wangu bila kupekuliwa. Alhaji anasema ni heshima kubwa. Anasema akiwa ameshika ukuta.

Mwaka jana, kijana akiwa bado kidato cha kwanza, mama mkwe alinunua mtamba. Amemfunga bandani Kilema, na kila anayepita anaelezwa kwamba huyo ni ng'ombe wa sherehe ya upadirisho. Nikampigia simu. Nikamwambia: Mama, huyu mtoto ana miaka kumi na minne. Akipita kote ulikotaja, Kibosho, sijui Segerea, miaka kumi na zaidi itakuwa imekwisha. Huyo ng'ombe atakuwa ameshakufa kwa uzee.

"Ndiyo maana nimenunua jike," akasema.

Kule Kilema ng'ombe haachiwi azurure, hulishwa bandani, na hela ya majani na pumba inatoka kwa Baba Padre kila mwisho wa mwezi. Nimekaa nikajumlisha: ada, jembe, nauli, zaka, tegemeza, miito, pumba. Ningekuwa na namba mpya ya mhasibu ningemtumia hesabu hiyo aione hiyo nafuu yake. Na mwezi uliopita ng'ombe amezaa dume. Mama mkwe amenitumia picha, na ujumbe kwamba niongeze kidogo kwenye pumba, kwa sababu huyo ndama ni wa ushemasi.